Daktari wa Meno na Nyota Moja

Ukimwuliza habari ya asubuhi, hakusema nzuri. Alisema, "Nimechoka, lakini sema." Alimwambia hivyo mwenye duka la vitambaa ng'ambo ya barabara, akamwambia hivyo kasisi aliyekuja na jino lililooza, akaniambia mimi kila siku ya kazi kwa miaka yote niliyomshikia vyombo katika kliniki yake mjini Nakuru. Mwanzoni nilidhani ni madaha ya mtu mzima. Baadaye nikaelewa kwamba ilikuwa taarifa tu, kama mtu anayekuambia leo kuna vumbi.

Jina lake lilikuwa mlangoni kwa herufi za dhahabu, pamoja na digrii zake, lakini sikumsikia mtu akilitumia. Alikuwa Daktari. Wahindi wenzake wenye maduka walimwita Daktari, na watu walioteremka kutoka Molo na Olenguruone, shavu limefungwa kwa leso, waliuliza njiani, "Yule Daktari wa meno, Muhindi anaongea pole pole, yuko wapi?" Mimi aliniita Sister, ingawa sikusomea uuguzi. Alinifunza kazi mwenyewe, kwa kunigonga kidole na kijiko cha chuma kila nilipomkabidhi chombo ambacho hakukiomba.

Alikuwa na Kiswahili cha aina mbili. Kliniki alitumia kile cha dukani, cha kuamrisha: fungua mdomo, hapana funga, iko uchungu wapi? Mgonjwa akianza kueleza jinsi alivyofikiri ni upepo, kisha akafikiri ni sikio, alimkata: "Hapana niambie wewe nafikiri nini. Niambie nauma wapi." Lakini jioni, tukishafunga, akiwa ameketi na kikombe cha chai ya tangawizi, Kiswahili chake kilinyooka kama nguo iliyopigwa pasi. Sijui alijifunza wapi, na sikuwahi kumwuliza. Nadhani kile cha kwanza kilikuwa aproni, na jioni aliivua.

Sisi tuliokulia Bonde la Ufa tunajuana kwa meno. Maji ya visima vyetu yana kitu kinachoyapaka rangi ya kahawia tangu utotoni, na hakuna mswaki unaoitoa. Wengi waliokuja kwake hawakuumwa. Walikuja kwa aibu. Nakumbuka msichana mmoja wa Njoro aliyekuwa anaolewa wiki hiyo. Alitaka yasuguliwe mpaka yawe meupe.

Daktari alimshikia kioo. "Hii hapana uchafu. Hii iko maji ya kwenu. Iko tundu? Hapana iko hata moja. Sasa nataka nini?"

"Nataka kucheka kwa picha, Daktari."

Alinituma niwaambie waliokuwa wakingoja nje warudi kesho, na mchana ule wote akamfanyia kazi, jino baada ya jino, kwa ule mchanganyiko mweupe aliouweka kwa wagonjwa wa kulipa vizuri. Alipomaliza alimwambia kwamba rangi ile haitadumu, itabanduka kidogo kidogo. "Lakini picha itakaa," akasema, akaenda kunawa.

Usidhani basi kwamba alikuwa mtu mpole. Alikuwa mkali kwa waliochelewa, mkali kwa watoto waliolia, mkali zaidi kwa kina mama waliowapa watoto peremende ili wasilie. Na yeye mwenyewe alitafuna sukari guru mchana kutwa. Alikuwa na donge lake kwenye droo ya glavu, limefungwa katika karatasi ya gazeti, akidhani silijui. Kinywani alikuwa na pengo la magego mawili upande wa kushoto. Aliogopa sindano ya ganzi kuliko mgonjwa yeyote niliyemwona, na gego la pili aling'olewa huko Nairobi na rafiki yake baada ya kulivumilia msimu mzima wa mvua. Nilipomwuliza kwa nini alingoja hivyo, alijibu, "Mimi najua kinachoendelea ndani ya chumba kile. Wewe ungeenda?"

Hakula nyama. Hata hivyo, Jumapili alipenda kuendesha pikapu yake hadi Kikopey, akakaa katikati ya moshi wa choma na wanaume wenye visu, akaagiza ugali na kachumbari. Wenye bucha walimzoea. Alisema pale ndipo mahali pekee alipoona watu wakitumia meno yao kwa raha. Nilienda naye mara moja. Alikaa saa nzima akitazama vinywa vya watu na hakusema chochote kibaya juu ya mtu.

Kuhusu nyota yake nilijua kwa bahati tu. Nilikuwa nimempelekea funguo za kliniki nyumbani kwake Milimani, jua likiwa ndiyo kwanza limezama nyuma ya Mau, nikamkuta juu ya paa la saruji, kati ya matangi ya maji, ameinamia darubini nene kama ngoma. Nyuma yake palikuwa na kamera, na waya ulioteremka hadi kwenye kompyuta iliyofunikwa kwa kanga. Nikamwuliza anatazama nini.

"Nyota."

"Nyota gani?"

"Moja tu."

Akanisogeza begani akanielekeza. Nione vile vinyota vya Kilimia, nishuke mkono wa kulia kidogo, nipite mbili zilizokaribiana, nisimame hapo. Nikasimama hapo.

"Sioni kitu, Daktari."

"Hata mimi sioni. Lakini hapo ndipo ilipo."

Alinieleza, na jioni nyingine nyingi alinieleza tena, kwa sababu nilisahau na kwa sababu alipenda kueleza. Ni nyota ndogo kuliko jua letu, yenye joto pungufu, rangi yake ya chungwa. Iko mbali mno hivi kwamba mwanga tunaoupata leo ulitoka huko kabla babu zetu hawajazaliwa. Na kuna sayari inayoizunguka, jitu la hewa tupu, kubwa kuliko hata Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote za jua letu, iliyoikaribia nyota yake kama paka aliyelalia jiko, hata mwaka wake mzima ni siku chache tu. Hakuna aliyeiona sayari hiyo. Ila kila inapozunguka hupita mbele ya nyota, kati yake na sisi, na kwa muda wa saa mbili hivi mwanga wa nyota hupungua. Unapungua kidogo sana, jicho la mtu haliwezi kujua, lakini kamera inajua.

"Kidogo kiasi gani?"

"Fikiria lori limewasha taa kule Sachangwan, na wewe uko hapa. Nzi atue juu ya kioo cha taa."

"Hicho si kitu, Daktari."

"Ni kidogo," akasema. "Kidogo si kitu kingine. Ni kidogo."

Kwenye kompyuta niliitazama ile nyota na ilikuwa nukta nyeupe kati ya nukta nyeupe. Nikamwuliza rangi ya chungwa iko wapi. Akasema kamera yake haijui rangi, hiyo anaijua kwa kusoma tu. Nadhani jambo hilo lilimsumbua. Alikuwa mtu wa kuamini kinachoonekana, mtu wa kioo na tochi, naye jioni zake zote alikuwa amezitoa kwa kitu kisichoonekana kinachopita mbele ya kitu ambacho nacho hakionekani.

Hakuwa peke yake. Kulikuwa na watu kama yeye katika nchi nyingi, wasiojuana kwa sura, waliopima nyota hiyohiyo kila mmoja kwa zamu ya giza la kwao, kisha wakapeleka vipimo kwa wataalamu wa vituo vikubwa ng'ambo. Walichotaka kujua ni kama jitu lile linapita kwa wakati wake. Likiwahi au likichelewa, alinieleza, maana yake kuna mwingine huko, mdogo, anayelivuta. Aliponieleza hilo ndipo pekee nilipomwona akisahau kuchoka.

Adui zake walikuwa vumbi na stima. Vumbi la Nakuru halihitaji kuelezwa. Alifuta vioo vyake kwa brashi laini ya kupakia poda, akilitukana ziwa kwa kulileta. Na stima, alikuwa mfanyabiashara pekee mjini aliyefurahi ikipotea, maana mji mzima ulizima taa na anga ikamfungukia. Lakini kompyuta na ile mota inayoigeuza darubini vilihitaji umeme, kwa hiyo aliteremka uani, akafungua betri ya pikapu, akaipandisha juu. Mashati yake yote yalikuwa na matundu madogo tumboni, alama za asidi. Mke wake, alipokuwa hai, alimshonea. Baadaye aliacha yabaki hivyo.

Mwaka ule uchaguzi ulipoharibika, vurugu zikaanza, tukafunga kliniki, tukafungua, tukafunga tena. Waliokuja walikaa kwenye benchi bila kusalimiana, kila mmoja akisikiliza mwenzake anaongea kwa lafudhi ya wapi. Januari ilipokwenda mwisho, mji wenyewe ukashika moto. Njia ya kwenda kwangu Free Area haikupitika, naye Daktari akaniambia nichukue chumba cha nyuma cha nyumba yake hadi mambo yatulie. Kafyu ilitangazwa, marufuku ya kutoka usiku. Jioni ya kwanza ya kafyu, jirani mmoja alitoa habari kwamba kuna mtu yuko juu ya paa na mzinga. Askari wawili wakaja, wakapanda ngazi na bunduki zao, wakamkuta mzee wa kijivu amejifunga blanketi.

"Hii ni nini, mzee?"

"Darubini."

"Unaangalia nani?"

"Nyota moja."

"Moja?" Yule askari alitazama juu, zilikokuwa nyota zote. "Kwa nini moja?"

Daktari alifikiri, maana alipenda swali zuri. "Kwa sababu sina nguvu ya kuangalia mbili," akasema.

Askari alicheka kicheko cha uchovu, akamwambia azime tochi na ajiangalie. Nilikuwa nimesimama chini ya ngazi, na sikuwa nimesikia mtu akicheka kwa siku nyingi.

Wakati huo alikuwa anangoja jioni fulani. Safari ile jitu lilikuwa lipite mapema, mara giza likiingia kwetu, na katika kundi lake hakukuwa na mwingine upande huu wa Afrika. Mapito mengine ya karibu yangetokea kwetu ikiwa mchana, na baada ya hapo nyota ingekuwa inazama mapema zaidi na zaidi, kisha zije mvua za Machi, basi tena hadi mwisho wa mwaka. Vipimo vya wenzake vilikuwa vimeanza kuonyesha kitu, labda kuchelewa, labda hapana. Walikuwa wanamtegemea. Alirudia neno hilo, wananitegemea, kama mtu anayevaa koti jipya na hajui mikono aiweke wapi. Stima ilikuwa imepotea tangu asubuhi ya siku ile, kwa hiyo betri ilikuwa juu tayari, na kila kitu kimefungwa na kupimwa.

Mchana mama yangu akapiga simu. Alikuwa shambani kwetu, juu ya Molo, njia ya Olenguruone, peke yake tangu baba afariki. Mama ni mtu wa maneno mengi. Siku ile alisema machache: "Wamechoma kwa jirani. Nimesikia kesho ni huku kwetu, ama ni leo usiku." Kisha kredo ya simu ikamwishia.

Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya jikoni nikilia Daktari aliponikuta.

"Mama yako iko wapi?"

Nikamwambia.

"Peke yake?"

"Na ng'ombe."

Hakusema pole. Alitazama juu kuelekea kwenye paa, akatazama saa yake, akanyoosha mkono. "Nipe spana." Nikampa. Akapanda. Nikajua amekwenda kumalizia kazi yake, na wala sikumlaumu; angefanya nini, mzee wa watu, na barabara zimejaa mishale? Nikaendelea kulia. Kisha nikasikia miguu yake ikishuka, kidogo kidogo, ikipumzika kila ngazi. Alikuwa ameikumbatia betri kifuani kama mtoto.

"Vaa koti ya kazi," aliniambia akiinama kwenye pikapu. "Vaa mask. Njiani hapana ongea hata neno moja. Leo wewe iko Sister peke yake."

Nilijua anachofikiria. Wahindi hawakuwa katika ugomvi ule wa makabila. Mtu wa kwetu asingepita, na mtu wa upande wa pili asingepita kwetu, lakini pikapu ya Muhindi mwenye koti jeupe huenda ikapita kwa wote. Huenda.

Kizuizi cha kwanza kilikuwa mbele ya Sachangwan, magogo na mawe. Vijana walitoka vichakani na pinde zao.

"Boss, unaenda wapi?"

"Olenguruone. Iko mgonjwa."

"Na huyu?"

"Sister."

"Sister wa wapi? Atoe hiyo kitu kwa mdomo, aongee."

"Hapana. Mdomo yake nimeosha na dawa. Akifungua, mimi naanza tena upya."

Kijana alikuwa ameshika mlango wa upande wangu. Mwingine, mkubwa kidogo, akaja akaukagua uso wa Daktari, akasema, "Wacha huyo. Si ndiye Daktari alining'oa jino soko ya Olenguruone?" Maana Daktari alikuwa akienda huko siku za soko, mara moja moja, akafanya kazi kwenye ukumbi wa kanisa.

"Jino gani?" Daktari akamwuliza.

"Ya nyuma, huku."

"Fungua."

Naapa alishuka. Alitoa tochi yake mfukoni, na yule kijana, upinde mkononi, akafungua mdomo katikati ya barabara kuu. Daktari alimgeuza kidevu huku na huku.

"Napiga mswaki?"

"Kidogo," kijana akasema.

"Naona." Akarudi kwenye gari. Wakavuta gogo.

Mama tulimkuta langoni na mfuko mmoja, moshi wa viazi na mabati umejaa bonde lote la chini. Alikataa kupanda mpaka awafungulie ng'ombe. Tulisimama tukimngoja awafungulie mmoja mmoja, akiwaita kwa majina, akiwapiga mgongoni waende, nao hawakwenda. Walisimama nje ya zizi wakimtazama. Daktari akashika usukani na hakuita. Alipokuja hatimaye, Daktari alimwuliza, "Mama, wewe naongea Kiswahili vipi?"

"Naongea vizuri kabisa," mama akajibu, na katika maneno hayo matatu kijiji chetu chote kikasikika, mlima wetu na bomba letu la maji.

Daktari alitikisa kichwa. Akafungua mkoba, akamkalisha kwenye kiti cha mbele, akamjaza pamba mashavuni mpaka uso ukavimba, kisha akamfunga bandeji kutoka kidevuni hadi utosini, imara, kama anavyofungwa mtu aliyevunjika taya. Mama alipinga kwa macho. Mimi nikapanda nyuma, karibu na kijidirisha cha kabini kilichokuwa wazi, nikashika mfuko.

Waliokuwa kizuizini jioni walikuwa wengine, na walikuwa wamekunywa. Mmoja alimulika mama kwa tochi, akauliza amefanya nini.

"Ng'ombe kumpiga teke. Taya iko vunjika. Akiongea, inafunguka kabisa."

Kijana alinyoosha kidole akamgusa mama shavuni. Mama alilia. Mpaka leo sijui kama aliigiza. Nilimwuliza, naye hasemi. Kijana alirudisha mkono haraka, akasema, "Pole, mathe," wakatuacha.

Tulipovuka Sachangwan giza lilikuwa limeingia. Upande wa magharibi vilima viliwaka hapa na pale. Daktari alipunguza mwendo, akatazama saa yake, akainama kidogo apate kuona juu kupitia kioo.

"Sasa imeingia," akasema, kwa Kiswahili chake cha jioni.

Mama alishtuka, akageuka huku na huku, akauliza jambo, pamba mdomoni. Nadhani aliuliza ni nani ameingia.

"Hapana mtu, Mama," Daktari akamwambia. "Kaa tu."

Hakuinua macho tena mpaka Nakuru. Askari wa kafyu walimulika bandeji, wakatufungulia njia.

Siku chache baadaye nilijaribu kumfariji. Nilimwambia kwamba hata angebaki asingepata kitu, moshi ungeziba anga. Aliweka chini kikombe. "Hapana, Sister. Upande ule kulikuwa safi kabisa. Niliangalia. Usinitie ganzi."

"Basi unajuta?"

"Nimechoka. Hivyo ni vitu viwili."

Wenzake wa ng'ambo waliandika kumwuliza vipimo viko wapi. Aliwajibu kwamba kulikuwa na mgonjwa. Walipochapisha matokeo yao katikati ya mwaka jina lake halikuwemo, wala jibu la lile swali la kuchelewa halikupatikana. Walisema vipimo havitoshi. Alinisomea hilo mwenyewe kwenye kompyuta, akafunga kompyuta, akaniambia nimwite aliye mbele kwenye foleni.

Kambi ya waliofukuzwa makwao ilipofunguliwa uwanja wa maonyesho tulienda huko kila Jumamosi, kwenye hema, yeye na koleo zake na mimi na beseni. Meno yaliyovunjwa kwa rungu, meno yaliyooza kwa kukosa maji. Aling'oa kutwa nzima, na jioni niliendesha gari mimi kwa sababu vidole vyake havikushika usukani. Mwaka ule alizeeka kwa namna ya jengo: nje palepale, ndani pameporomoka. Aliacha hata kukemea watoto. Mwezi wa kumi alitangaza kwamba mwisho wa mwaka anafunga kliniki na kwenda kwa binti yake ng'ambo, mahali ambapo alisema mawingu hayaondoki.

Mama alikuwa anaishi nami Free Area. Shamba lilikuwepo lakini hakutaka kusikia habari zake. Mazungumzo mengi yalikuwa yamemtoka; alikaa mlangoni akichambua mboga ambazo zilikuwa zimechambuliwa. Mwezi wa kumi na mbili, mvua za vuli zilipokatika, nilimwambia kwamba Daktari anaondoka na kwamba nyota yake imerudi kwenye anga ya jioni. Sikuwa nimemweleza kabla ya hapo. Alinisikiliza mpaka mwisho, ile habari ya betri na yote. Kisha akaenda jikoni akaanza kumenya viazi.

"Unapika nini?"

"Mukimo. Si ulisema hali nyama?" Akaendelea kumenya. "Nataka kuona hiyo kitu alipoteza."

Ndiyo mara ya mwisho nilimwona Daktari. Nyumba ilikuwa imejaa makasha. Aliupokea mukimo ule wa viazi vilivyopondwa na mboga kwa mikono miwili, akala sahani mbili amesimama, akatupandisha juu, mama akishika ukuta kila ngazi. Stima ilikuwepo. Alitupa viti, akaifungua kanga kwenye kompyuta, akatuonyesha mstari wa nukta uliokuwa ukikua wenyewe, nukta baada ya nukta, sawa kama uzi. Kila nukta ni mwanga wa nyota kwa muda kidogo, alimwambia mama. Jitu likiingia, uzi utashuka. Likitoka, utapanda. Hakuna cha kufanya ila kungoja.

"Itaingia lini?"

"Karibu."

Akaketi. Akavuta blanketi. Mama alikuwa akiuliza kama hiyo nyota ina watu, nami nikageuka kumtazama Daktari ajibu, nikaona amelala. Alilala kama mtoto aliyerudi kutoka safari, kichwa begani, mdomo wazi, pengo la gego likionekana.

Nukta zilianza kushuka. Mwanzoni nilidhani ni macho yangu. Moja ikawa chini kidogo, iliyofuata chini yake, na iliyofuata. Niliinuka nimwamshe, maana alikuwa ameingoja safari hii mwaka mzima, na hakuna nyingine ambayo angeiona tena kutoka kwenye paa lile. Mama alinishika mkono.

"Hiyo mashine inaandika?"

"Inaandika."

"Inaweza kuacha akilala?"

"Hapana."

"Basi mwache alale."

Tukakaa. Mji ulikuwa na kelele zake za kawaida, redio, mbwa, mtu akimwita mwenzake. Uzi ulishuka, ukatulia huko chini, ukaenda sawa kwa muda mrefu. Mama alisogeza kiti karibu, akaweka viganja magotini, akautazama kama alivyokuwa akitazama maziwa jikoni yasifurike. Kisha nukta moja ikawa juu kidogo.

Daktari aliamka uzi ukiwa umerudi ulipotoka. Alitazama kioo cha kompyuta, akatazama saa, akajipangusa mdomo. Nilijiandaa kwa ukali wake. Hakunigeukia mimi. Alimgeukia mama.

"Mama, uliona ikiingia?"

"Niliona."

"Ilikuwaje?"

Mama alifikiri. "Ilishuka pole pole," akasema, "kama mtu anashuka mtoni. Ikakaa huko. Ikakaa sana, mpaka nikaogopa. Halafu ikapanda."

"Yote?"

"Yote. Mpaka pale ilikuwa."

Daktari aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, macho yamefumba tena, blanketi limemfika kidevuni.

"Niambie tena," akasema.

Na mama, ambaye tangu Januari sikuwa nimemsikia akisimulia chochote, akavuta kiti mbele, akaanza upya tangu mwanzo.